Ukuta Ambao Haukumalizika

Je, siku ya kutembea tu, bila kazi yoyote, ni siku iliyopotea? Sisi, mume na mke, tulijiuliza hivyo tukiwa Siena, mji wa kale wa Italia. Kwa miaka mingi kazi ilikuwa kisingizio chetu cha kutozungumza. Hata siku hiyo tuliona haya kukaa bure. Tulipita vichochoroni polepole, tukaketi juu ya matofali ya uwanja wa Campo, kisha tukafika kwenye kanisa kuu.

Kando yake umesimama ukuta mrefu wa jengo lisilomalizika. Mwaka 1339 wenyeji walianza kulipanua kanisa. Tauni ya 1348 ikaua watu wengi, na upanuzi ule haukukamilika. Hata hivyo, hadi leo watu husali katika kanisa lililokuwapo.

Tukanyamaza. Tulidhani tutapendana vizuri kazi zikiisha, kumbe haziishi! Mungu alipotupa siku ya kupumzika, hakutuambia tumalize kwanza kila kitu. Tukaombana msamaha palepale, tukaendelea kutembea tukizungumza. Wapendwa, siku ile haikupotea. Ndiyo iliyoturudisha kwetu.