Motokari Kongwe na Nia ya Mwenyewe

Limekuwa suali la barazani juu ya watu watumiao mali nyingi kufufua motokari kongwe za Marekani, zile zenye injini kubwa na paa la turubai la kukunjwa nyuma, wakazizungusha mjini siku ya sikukuu ili zitazamwe. Wako wasemao kuwa hiyo ni israfu tupu, na mwenye kuifanya ni katika ndugu wa mashetani. Na wako wasemao kuwa mali ni yake, ameichuma kwa halali, basi mtu ana nini naye? Kauli zote mbili zina haraka.

Kwanza kijulikane kitu chenyewe. Mwaka 1964 kampuni ya Pontiac ilitwaa injini ya lita 6.4, ambayo ilikuwa ya motokari kubwa, ikaitia katika motokari ya kiasi na kuiita GTO. Tarehe 17 Aprili ya mwaka huohuo, siku 9 kabla ya Tanganyika na Zanzibar kuungana, Ford wakaitoa Mustang, bei yake ya chini ikiwa dola 2,368, na katika mwaka wake wa kwanza zikauzwa zaidi ya 400,000. Basi hazikuwa vyombo vya wafalme. Zilitengenezwa kwa vijana wa mshahara. Kisha zikazimika upesi: ikaja sharia ya moshi ya mwaka 1970, bima ikawa ghali, na mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta yao, bei ya mafuta ikapanda kiasi cha mara 4 katika miezi michache. Leo watu wa Ghuba hiyohiyo wamo katika wanaozinunua na kuzitunza, na Sharjah pana makumbusho ya motokari za kale tangu 2008. Mafuta yaliziua, na fedha ya mafuta inazifufua!

Na bei yake imetoka katika mipaka. Plymouth Barracuda ya mwaka 1971, yenye injini iitwayo Hemi na paa la kukunjwa, zilitengenezwa 11 tu. Moja katika hizo iliuzwa mnadani mwaka 2014 kwa dola milioni 3 na nusu. Huku kwetu pana mashindano ya uzuri wa motokari mjini Nairobi tangu mwaka 1970, ambapo waamuzi huinama kutazama hata uvungu kama umesafishwa.

Sasa na itazamwe nchi nyengine. Iyula ni kata ya Wilaya ya Mbozi, katika Mkoa wa Songwe, juu milimani, nchi ya kahawa na mahindi, si mbali na barabara kuu iendayo Tunduma hata Zambia. Motokari ya chini yenye paa la turubai na usukani wa kushoto haina kazi huko, kwani masika hayaijui. Mtu wa Iyula akifufua chombo kikongwe, aghlabu atafufua Land Rover ili ateremshe magunia yake penye tope. Lakini fundi akwanguaye kutu ni yuleyule, kuchomea ni kulekule, na kutafuta vipuri ni kulekule. Kitendo ni kimoja, je, hukumu yaweza kuwa mbili?

Mwenye haraka atajibu kuwa wa Iyula ana haja, na wa Maskati hana. Jawabu hili halitoshi. Mtume (S.A.W.) aliulizwa juu ya mtu apendaye nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri, naye hakulihesabu hilo kuwa ni kiburi, bali kiburi alikieleza kuwa ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Na Imamu Nawawi katika Minhaj, mlango wa kuzuiliwa mali, ameisahihisha kauli kwamba kula na kuvaa kulikozidi hali ya mtu hakumtii katika hukumu ya mbadhirifu. Mbadhirifu ni kama yule atupaye mali yake baharini au aitumiaye katika haramu. Basi kwa kipimo hiki mwenye motokari hazuiliwi mali yake na kadhi, wala haifai aitwe nduguye shetani kwa sababu ya rangi nyekundu na magurudumu yanayong'aa.

Lakini kuachwa na kadhi si kusalimika. Mwenye deni lililofika wakati wake, naye akaliahirisha ili anunue bampa la asili kutoka Marekani, ametia rangi mali ya mtu mwengine. Vilevile aliyemwambia fundi arejee kesho, na kesho ikawa mwezi. Na katika hili wa Iyula na wa Maskati ni sawa: Land Rover iliyofufuliwa kwa ujira usiolipwa haitakasiki kwa kupakia kahawa.

Nia, hata ikifichwa, hujitokeza katika zaka. Zaid akinunua motokari kwa kuitumia, hana zaka juu yake, ijapokuwa thamani yake imepanda mara kumi. Amru akiinunua kwa nia ya biashara, kila mwaka ukitimia huithamini kwa bei ya siku hiyo, na ikifika nisabu hutoa robo ya ushuri, yaani 2 na nusu katika 100. Na katika madhehebu ya Shafi, kilichonunuliwa kwa kutumiwa hakigeuki kuwa cha biashara kwa nia tu mpaka kiuzwe. Bali kilichonunuliwa kwa biashara hugeuka papo hapo mwenyewe akinuia kukitumia. Hapa watu hupata mwanya. Mke akilalamika kuwa fedha ya nyumba imekwisha, huambiwa, "Hii ni akiba, bei yake inapanda." Mwezi wa zaka ukiingia, motokari ileile huwa ni pumbao la moyo. Mwenye kauli mbili na aikumbuke ile aliyokuwa nayo siku alipohesabu fedha mkononi mwa muuzaji.

Likabaki jambo la kuuza. Thamani ya motokari hizi imo katika nambari: nambari iliyogongwa katika injini ioane na ya chombo chenyewe, ijulikane kuwa ndiyo injini iliyotoka nayo kiwandani. Wako wanaoifuta nambari na kugonga nyengine, au kuitwaa motokari ya kawaida wakaivika alama za ile iliyo adimu. Huu ni udanganyifu, nao ni haramu kwa ittifaki. Muuzaji anayejua kuwa injini si ya asili ni wajibu wake aseme, hata asipoulizwa. Akinyamaza, mnunuzi ana hiari ya kuirudisha, ila yampasa airudishe mara ajuapo, wala asiitumie. Akiiendesha kumpelekea muuzaji kwa kuwa ni taabu kuikokota, amesamehewa, kama alivyosamehewa mwenye kumpanda mnyama mkaidi asiyeongozeka kwa kamba. Akiizungusha mjini jioni moja ili watu waione, hiari yake imekwisha, na motokari imekuwa yake pamoja na aibu yake.