Nikisahau, Bado ni Mimi?



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Mtwara, na siku mbili nilizitumia Msimbati kwa mtoto wa mjomba wangu. Wanaopajua wanajua: mchanga mweupe, minazi, na ukishuka kusini unakuta mto Ruvuma unaingia baharini, ng'ambo ni Msumbiji. Kaka yangu huyu alikuwa mvuvi mpaka kifafa kilipomtoa baharini. Ukipotewa na fahamu dakika moja tu ndani ya mtumbwi, inatosha. Dawa alimeza miaka na miaka, akabadilishiwa, akaongezewa, wapi. Mwishowe daktari akasema kuna upasuaji. Ukoo ukachanga, jumuiya ikachanga, akaenda India. Huu ni mwaka wa sita, hajaanguka tena.

Sasa tumekaa chini ya mkorosho, anashona wavu, akaniambia bila hata kuniangalia: "Frateri, mlinichangia nipone, au mlinichangia niwe mtu mwingine?"

Nilikosa la kusema, maana mimi ndiye niliyemshawishi. Alikuwa anaogopa kufunguliwa kichwa. Mimi nilikuwa nimetoka kumaliza digrii ya falsafa, najiona najua, nikamwambia: usiogope kaka, watakata nyama tu, wewe ni roho, utarudi yule yule. Kiukweli hakurudi yule yule. Majina yanamponyoka. Anaanza sentensi, katikati neno linapotea, anabaki anazungusha mkono hewani. Nyimbo za kwaya alizokuwa anaongoza bila kitabu, leo anashika daftari, na wimbo mpya haumkai kabisa.

Baadaye nilisoma mambo ambayo nilipaswa kuyasoma kabla ya kufungua mdomo. Kwa watu wazima wengi ambao dawa haziwasaidii, kifafa huanzia sehemu moja ya ubongo, ndani kidogo usawa wa panja. Hapo kuna kisehemu kinaitwa hipokampasi, na hicho hicho ndicho kinachotusaidia kuhifadhi kumbukumbu mpya. Yaani chanzo cha ugonjwa kimekaa ndani ya ghala. Upasuaji unasaidia kweli: utafiti wa Kanada uliochapishwa 2001, wa wagonjwa 80, ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja asilimia 58 ya waliopangiwa upasuaji walikuwa hawapati tena vipindi vya kupotewa na fahamu, dhidi ya asilimia 8 ya walioendelea na dawa peke yake. Hapa Afrika Mashariki umewahi kufanyika Mbale, Uganda, kwenye hospitali ya watoto ya CURE. Lakini una bei. Upande wa kushoto, ambao kwa watu wengi ndio wa lugha, wagonjwa kama 44 kati ya 100 hupungukiwa kumbukumbu ya maneno. Na mwenye kumbukumbu nzuri kabla ndiye anayeelekea kupoteza zaidi. Kaka yangu, mwongoza kwaya, alikuwa nayo nzuri mno.

Upande wa pili wa mizani upo pia. Kifafa kisichodhibitiwa nacho kinakula kumbukumbu, mwaka baada ya mwaka, na wale ambao vipindi vimekoma mara nyingi hutulia, wengine hupata nafuu dawa zikipunguzwa. Kwa hiyo kukataa upasuaji hakukuwa njia ya kubaki salama. Zilikuwa hasara mbili, na mimi sikumwonyesha hata moja.

Swali lake sasa. Ni mtu mwingine? John Locke, mwaka 1694, alijibu kwa namna inayowavutia wengi: mimi ni yule yule kadiri ninavyoweza kuyafikia kwa fahamu yangu yale niliyoyatenda. Kumbukumbu ikikatika, mtu amekatika. Mimi sikubali. Nilibatizwa nikiwa na wiki tatu, sikumbuki chochote. Nani alibatizwa siku ile?

Au mwangalieni Henry Molaison, Mmarekani. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, alitolewa sehemu hizo za ubongo pande zote mbili kwa ajili ya kifafa, na tangu hapo karibu kila jambo jipya lilimpotea ndani ya dakika chache. (Ni kwa sababu yake leo madaktari hupima kumbukumbu kwanza na hukata upande mmoja tu.) Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota akitazama kwenye kioo. Siku ya tatu alikuwa hodari, na bado hakukumbuka kuwa amewahi kuifanya. Mkono ulijua, yeye hakujua kwamba anajua. Alifariki 2008 akiwa na miaka 82. Nani atasema hapakuwa na mtu pale miaka yote 55? Kaka yangu hanyooshi jina la jirani, lakini fundo la wavu halimpotei.

Hapo ningeweza kuishia, nikajipongeza: Locke kakosea, roho iko palepale, amina. Lakini hayo ndiyo niliyomwambia kaka miaka sita iliyopita! Na Mtakatifu Thoma wa Akwino hanikubalii. Akifafanua Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho anasema wazi kwamba roho yake siyo yeye mzima. Anakubali kuna kumbukumbu ya akili, inayoshika maana, lakini kumbukumbu ya matukio, ya sura, ya jana na juzi, anaiweka kwenye kiungo cha mwili. Tunakiri ufufuko wa mwili kila Dominika. Basi waliokata nyama walimkata yeye. Nilimpa Descartes nikidhani nampa Yesu.

Msidhani ni kosa dogo. Kumtenga mwenye kifafa na ubinadamu wake ni dhambi ya zamani. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge miaka ya 1960, aliwakuta wagonjwa wenye makovu ya moto, kwa sababu watu waliogopa kumgusa aliyeanguka, hasa mate yake. Hata sheria ya Kanisa ya 1917 iliwazuia wenye kifafa kupewa daraja, ikiwataja pamoja na vichaa na waliopagawa. Ile ya 1983 imeliacha hilo. Mimi sikumwogopa kaka. Nilimfanya roho isiyo na kichwa.

Kuna jambo katika Marko sura ya 9 ambalo nilikuwa nalipita. Yule kijana anaanguka, anatoka povu, na Yesu hamwulizi yeye. Anamwuliza baba, limempata tangu lini. Baba ndiye anayekumbuka: tangu utoto, motoni, majini. Historia ya kijana imeshikwa na mtu mwingine. Kisha Yesu anamshika mkono.

Nilimwomba kaka msamaha pale chini ya mkorosho. Nikamwambia: umepoteza kitu cha kweli, na nilikudanganya. Alivuta uzi, akakaza fundo.

"Kwa hiyo unajuta?" nikauliza.

"Nasikitika," akasema. "Na Jumatatu nakwenda baharini."

Jioni ilikuwa sala ya jumuiya. Wakampa yeye kuwaombea marehemu. Akataja watatu, wanne, akafika kwa mama yangu, akakwama. "Shangazi yangu," akasema, "yule... yule aliyekuwa akinipikia kunde." Akazungusha mkono. Mama mmoja aliyekaa mkekani akalitaja jina, taratibu.

"Huyo huyo," akasema kaka, akaendelea.