Kumchagua Wakili Wakati wa Mashitaka

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (s.a.w.). Ama baada ya hayo:

Yajulikane, enyi ndugu Waislamu, ya kwamba aliyeshitakiwa kwa jinai akitafuta wakili, hakupungukiwa na tawakkul. Nabii Musa (a.s.) alitumwa kwa Firauni naye akidaiwa damu ya mtu aliyekufa kwa pigo lake, akamwomba Mola wake ampe nduguye Harun, aliyemzidi kwa ufasaha. Habari hii imo katika Suratul Qasas. Na imepokewa kuwa Sayyidna Ali (r.a.) alimwakilisha nduguye Aqil katika madai, Aqil alipozeeka, akamwakilisha Abdullah bin Jaafar. Na wanavyuoni wa Kishafii wamejuzisha uwakili katika khusuma.

Lakini wengi hukosea katika kuchagua. Mwana akikamatwa, baba huuza minazi yake, fedha akampa yule asemaye, "Hakimu namjua, kesi hii nitaimaliza." Huyo si wakili, ni dalali wa rushwa, na Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kutoa na mwenye kupokea. Minazi itakwenda, mwana huenda akafungwa, na dhambi itabaki shingoni mwa baba.

Basi wakili atazamwe kwa mambo matatu.

La kwanza, ujuzi. Awe mzoefu wa kesi za jinai, kwani hodari wa hati za mashamba huenda asijue kumhoji shahidi. Na aulizwe cheti chake cha mwaka huu, kwani Kenya na Tanzania Bara wakili hutakiwa awe nacho.

La pili, amana. Kazi na ujira vielezwe mbele na kuandikwa. Anayeahidi ushindi aepukwe, kwa kuwa hukumu haimo mkononi mwake.

La tatu, ukweli. Asimfundishe mshitakiwa wala shahidi kusema uwongo. Naye mshitakiwa asimfiche wakili wake jambo, kwani tabibu aliyefichwa ugonjwa hatibu. Katika fiqhi ya Kishafii wakili hana mamlaka ya kumkiria aliyemwakilisha. Na mahakamani vilevile mshitakiwa mwenyewe ndiye aulizwaye kama akubali kosa au akana. Basi asijibu kabla ya kufahamu.

Asiye na mali asikate tamaa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 50, yampa mshitakiwa haki ya kujichagulia wakili, na ya kuwekewa wakili na serikali iwapo bila hivyo atapata dhuluma kubwa.

Hata mwenye kosa ana haki ya kutetewa, asihukumiwe kwa asilotenda wala kuzidishiwa adhabu. Lakini ajihadhari: Mtume (s.a.w.) ameonya kuwa apewaye haki ya nduguye kwa ufasaha wa maneno, amekatiwa kipande cha moto. Hakimu wa duniani husikia ulimi. Hakimu wa Akhera ayajua ya moyoni.

Mwenyezi Mungu awaokoe waliodhulumiwa, na awape toba waliodhulumu. Amin.