Maji ya Udhu na Maji ya Kunywa



Mafakihi wa Kishafii wanasema maji yakifika kullatayni, kiasi cha lita 200 hivi, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi maadamu rangi, ladha na harufu yake hazijabadilika. Hukumu hiyo ni ya twahara, na kwa udhu inatosha. Lakini wapo wanaoibeba hadi jikoni: maji ya birika la msikiti ni safi, basi mtoto na anywe.

Hapo ndipo jiadia inapopata njia. Ni kijidudu cha chembe moja kinachojibandika kwenye utumbo mwembamba. Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek alikiona mwaka 1681 katika choo chake mwenyewe, kwa hadubini aliyoiunda kwa mikono yake. Hutoka na kinyesi kikiwa kimejifunga ndani ya gamba gumu, na kwenye maji baridi huishi wiki kadhaa. Vijidudu kumi tu vinatosha kumwambukiza mtu, na havigeuzi rangi ya maji, wala ladha, wala harufu.

Baada ya wiki moja hadi tatu tumbo hujaa gesi, mbeuo hunuka yai bovu, na choo hutoka laini chenye mafuta. Wengine hawaumwi kabisa, ila huwaambukiza wenzao. Mtoto anayerudiwa nayo mara kwa mara hudumaa.

Klorini nayo ina mipaka. Mwaka 1993 jijini Milwaukee, Marekani, takriban watu 400,000 waliharishwa na kijidudu kingine, kriptosporidio, kilichostahimili klorini, kikapita kwenye mitambo ya kusafishia maji na kuingia mabombani.

Moto hauna mjadala: maji yakitokota dakika moja, vijidudu hivi vyote hufa. Shida huja baadaye. Maji yaliyochemshwa hutiwa mtungini, kisha kila mwenye kiu huchota kwa kata na vidole vikalowa humohumo. Mtume (s.a.w.) alimtaka anayeamka usingizini aoshe mikono kabla ya kuitia chomboni, akaamrisha vyombo vifunikwe, akakataza kukojoa kwenye maji yaliyotuama. Kamati ya msikiti iliyoweza kununua mazulia mapya haitashindwa na ndoo yenye kifuniko na bomba.

Anayeharisha asibahatishe dawa dukani. Zahanati hupima choo, pengine kwa siku tatu tofauti, maana vijidudu havionekani kila siku. Metronidazo, ambayo wengi huijua kwa jina la Flagyl, humezwa siku zote alizoandikiwa mgonjwa. Wengi huiacha tumbo likitulia tu. Mtoto anayeharisha asiende chuoni, na anayemtawaza anawe kwa sabuni kabla hajagusa chungu.