Gari Jipya la Daudi

Musa alipomaliza kuisimamisha maskani jangwani, wakuu wa makabila walileta zawadi ya usafiri: magari 6 ya kukokotwa na ng'ombe 12. Musa akawapa Walawi, kila ukoo kwa kadiri ya kazi yake. Wagershoni, waliochukua mapazia, vifuniko vya hema na kamba zake, wakapata magari 2 na ng'ombe 4. Wamerari, wenye mbao, nguzo na vitako, wakapata magari 4 na ng'ombe 8. Wakohathi hawakuambulia hata gurudumu. Na hao ndio waliokabidhiwa sanduku la agano, meza, kinara na madhabahu. Msomaji wa haraka atasema wameonewa. Hesabu 7 yenyewe inatoa sababu kwa maneno machache: vitu vyao vilikuwa vya kubebwa mabegani.

Utaratibu wa kuvibeba umeelezwa sura tatu nyuma, na unastahili kusomwa polepole. Kambi ilipotaka kung'oka, Mkohathi alikaa nje akisubiri. Haruni na wanawe ndio walioingia kwanza. Walilishusha pazia la sitara wakalifunika nalo sanduku, wakaweka ngozi juu yake, na juu ya ngozi nguo ya samawi. Meza ilifunikwa pamoja na mikate yake, kinara pamoja na makasi na vyombo vya mafuta yake. Kila kitu kilipokwisha kufungwa, ndipo wabebaji walipoitwa. Mkohathi alitembea jangwani na mzigo ambao hakuruhusiwa kuugusa kwa mkono wala kuuona ukiwa wazi hata kwa kupepesa jicho, na adhabu ya kukosea ilikuwa kifo. Kazi hiyo hawakupewa wavulana. Walihesabiwa wanaume wa kuanzia miaka 30 hadi 50, na kwa Wakohathi wakapatikana 2,750.

Sanduku lilikuwa na pete 4 za dhahabu, na ndani ya pete hizo ikapitishwa miti miwili ya mshita iliyofunikwa dhahabu. Kitabu cha Kutoka kinaagiza miti hiyo isitolewe kamwe. Kwa hiyo hata sanduku likitua mahali miaka na miaka, namna ya kulibeba ilibaki ubavuni mwake.

Kuna agizo moja zaidi katika Hesabu 4 ambalo husahaulika upesi. Musa na Haruni wanaonywa wasiwaache Wakohathi wakaangamia, na njia ya kuwaokoa inatajwa: Haruni na wanawe waingie, wampangie kila mtu kazi yake na mzigo wake. Maana yake usalama wa mbebaji uko mikononi mwa kuhani aliyetangulia kuingia. Asipofunika vizuri, asipogawa kazi, atakayekufa ni mwingine.

Sasa tuje kwa Daudi. Kabla ya enzi yake Wafilisti walilinyakua sanduku vitani. Tauni ilipowazidi, waliamua kulirudisha. Walitengeneza gari jipya, wakafunga ng'ombe wawili wenye kunyonyesha wasiowahi kutiwa nira, ndama wakazuiliwa nyumbani, wakawaachia ng'ombe njia. Wakaenda moja kwa moja hadi Beth-shemeshi, bila ajali. Wafilisti hawakuwa na torati, wala hakuna aliyewafundisha habari za mabega. Gari lao likafaulu, na kufaulu kule ndiko kulikokuja kuwa mtego kwa wenye torati.

Kutoka huko sanduku likapelekwa Kiriath-yearimu, likakaa miaka mingi katika nyumba ya Abinadabu kilimani. Daudi alipokwisha kuuteka Yerusalemu alitaka kulileta huko, safari ya kilomita 15 hivi. Nia ilikuwa njema, tena njema sana, kwa maana siku za Sauli hakuna aliyeliuliza. Lakini angalia aliofanya nao shauri. Kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati kinawataja maakida wa maelfu na wa mamia. Makuhani na Walawi wanatajwa kama watu wa kupelekewa mwaliko, waje wakusanyike pamoja na wengine. Mkutano wote ukakubali, kwa kuwa jambo lilionekana jema machoni pa watu wote. Watu 30,000, vinubi, matari, matoazi, na mbele yao gari jipya.

Uza na Ahio, wana wa Abinadabu, ndio walioliongoza. Walipofika kwenye kiwanja cha kupuria nafaka ng'ombe wakajikwaa, Uza akanyosha mkono kulishika sanduku, akafa palepale.

Nimesikia mahubiri mengi yakiishia kwenye mkono ule, kana kwamba habari yote ni ujeuri wa mtu mmoja. Sikubaliani nayo. Mkono wa Uza ulitembea kama ambavyo mkono wa yeyote ungetembea akiona kitu cha thamani kinaanguka, na ulikuwa tendo la mwisho katika mlolongo mrefu. Lililomweka mahali ambapo ng'ombe akijikwaa mtu hana budi kushika ni gari. Juu ya mabega ya watu wanne wanaoijua kazi yao hakuna ng'ombe wa kujikwaa. Safari ile iliamuliwa barazani na wakuu wa jeshi, na hakuna kuhani anayetajwa kuinuka na kusema, jamani, mbona miti ipo?

Daudi alikasirika, kisha akaogopa, akaliacha sanduku kwa Obed-edomu Mgiti kwa miezi 3. Aliporudi kulichukua alianza pale alipopaswa kuanza mara ya kwanza. Aliwaita makuhani Sadoki na Abiathari na wakuu wa Walawi, akiwemo Urieli wa Wakohathi na ndugu zake 120, akawaambia wazi kwamba pigo lile lilitokea kwa sababu wao hawakulichukua na hakuna aliyeuliza agizo. Aibu akaigawa, na fungu lake hakulificha. Safari hii walipiga hatua 6, wakasimama wakachinja ng'ombe na kinono, ndipo wakaendelea, miti mabegani.

Ilikuja siku Walawi wakatuliwa mzigo kweli. Daudi uzeeni aliwapanga upya, watu 38,000, kati yao mabawabu 4,000 na wapigaji wa vinanda 4,000, kwa kuwa hapakuwa tena na maskani ya kuhamisha. Hata hivyo neno la mwisho kuhusu sanduku lenyewe lilikuja baada ya karne kadhaa, Mfalme Yosia alipowaambia Walawi waliweke nyumbani mwa Sulemani na lisiwe tena mzigo mabegani mwao.