Fadhila ya Mshindi na Shukurani ya Punda

Msafiri atokaye Dar es Salaam, akifika Msamvu mjini Morogoro, hukuta njia zimegawanyika: moja yaelekea Iringa, nyingine Dodoma. Kusini imesimama milima ya Uluguru, aghalabu imejitanda mawingu. Hapo kwenye njia panda ndipo linaponijia swali ambalo waliotawaliwa wameulizwa tangu kale: je, aliyejengewa barabara na aliyemshinda vitani ana deni la shukurani?

Swali hili halikuanzia kwetu. Mwaka 58 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, Julius Caesar aliivamia Gaul, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni Ufaransa, akapigana na makabila ya Wakelti kwa takriban miaka minane. Vercingetorix, aliyeyaunganisha mengi ya makabila hayo, alisalimu amri huko Alesia mwaka 52. Mwaka 46 akatembezwa mbele ya umati wa Roma katika sherehe ya ushindi, kisha akauawa. Miaka 43 baada ya Nabii Isa, zamu ikafika Britania. Zikaja barabara, masoko, hamamu na sheria. Tacitus, naye ni Mrumi, alipoandika habari za mkwewe Agricola aliyekuwa gavana wa Britania, hakuficha kwamba yale ambayo wenyeji waliyaona kuwa ni ustaarabu yalikuwa ni sehemu ya utumwa wao.

Ajabu ya dunia ni kwamba watu kutoka kisiwa hicho hicho walikuja kuitawala Uluguru kwa hoja ile ile ya Warumi. Kabla yao walikuwapo Wajerumani, waliotoza kodi ya nyumba kuanzia mwaka 1898 na kuifikisha reli Morogoro mwaka 1907, ilhali machungu ya Vita vya Maji Maji yangali mabichi. Waingereza wakafuatia. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 wakaleta mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, wakawataka wakulima wachimbe matuta ya ngazi ili mvua isiuchukue udongo.

Tuwe waadilifu katika kuhukumu. Mmomonyoko haukuwa uzushi. Mvua ilikuwa ikiyakwangua mashamba ya milimani, na mito ikishuka na udongo. Lakini amri ilipitishwa kwa watawala wa jadi, kama vile Warumi walivyowatumia wafalme wa Kikelti, na asiyechimba aliadhibiwa. Mahali pengi matuta yaliufukua udongo wa chini usio na rutuba. Ardhi ilikuwa mikononi mwa koo za upande wa mama, na wengi walihofu kwamba mwenye kuamuru namna ya kuilima kesho atadai kuwa ni yake. Julai 1955, huko Matombo, hasira ikalipuka. Mtu mmoja akapoteza maisha, na shuruti ya matuta ikaachwa.

Mtawala wa aina hiyo huondoka akinung'unika: shukurani ya punda ni mateke. Methali hii twaitumia kila siku, na aghalabu twamhukumu punda. Twasahau kwamba punda hakuulizwa kama anautaka mzigo. Shukurani ni haki ya zawadi, na zawadi ni ile ambayo mpewaji angeweza kuikataa. Kitu kisichokatalika, hata kikiwa chema, si zawadi. Chaweza kuwa na manufaa, na manufaa hayo tukayakiri bila haya. Ila deni halimo ndani yake.

Msomaji atauliza: je, hakuna wakati ambapo shuruti ni halali? Hapa ndipo hoja inapotugeuzia uso. Kati ya mwaka 1973 na 1976, serikali yetu wenyewe, si ya mgeni, iliwahamisha mamilioni ya wananchi wa Tanzania Bara katika Operesheni Vijiji, wengi wao bila hiari, kwa nia ya kuwafikishia shule, maji na zahanati. Nia ilikuwa njema, na mhamishaji alikuwa ndugu. Je, udugu ulilifanya swali lisiwepo? La hasha. Kama ubaya wa mshindi ni ugeni wake tu, basi siku alipoondoka tungekwisha kupona.

Katika miaka ya 2000, huko huko Uluguru, kwenye kata ya Kibungo Juu, wakulima walichimba tena matuta. Safari hii walijiunga na mpango uliowalipa kwa kuhifadhi maji ya mto Ruvu, ambayo watu wa Dar es Salaam huyanywa. Mlima ni ule ule, na mvua ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mkulima alifuatwa kama mtu mwenye kitu cha kuuza, na aliweza kusema hapana.

Watu wa Wales hadi leo huliita daraja kwa neno lililotoka Kilatini, nasi neno shule tulilichukua kwa Wajerumani. Hakuna katika sisi anayetakiwa kulirudisha. Kadhalika msafiri wa Msamvu na apande basi lake kwa amani, hana deni kwa yeyote aliyeitandaza njia kwa nguvu. Lakini barabara mpya hupita katika shamba la mtu. Mwenye shamba hilo aulizwe kwanza, na jibu lake lisikilizwe, hata kama mwenye kuuliza ni ndugu yake.