Uaminifu Bila Faida

Mama mmoja alinijia baada ya ibada ya pili akiwa na wasiwasi. Kijana wake yuko chuo na muhula huu anasoma falsafa na maadili. "Pasta, si hao ndio watamwambia hakuna Mungu?" Nikaomba nione daftari lake.

Humo nilikutana na Immanuel Kant, Mjerumani aliyeandika mwaka 1785 kuhusu mwenye duka. Huyu hamwibii mteja yeyote. Hata mtoto akitumwa dukani anauziwa bei ile ile ya watu wazima. Lakini Kant anauliza: anafanya hivyo kwa kuwa ni haki, ama anaogopa kupoteza wateja? Kama ni wateja tu, amefanya lililo sahihi, lakini moyo wake haujaguswa na haki.

Hapo nilinyamaza. Mimi nimesoma biashara, na tulifundishwa kwamba uaminifu unalipa. Tena nimehubiri hivyo hivyo madhabahuni: toa zaka kwa uaminifu, uone milango ikifunguka. Kumbe ndilo swali Shetani alilouliza juu ya Ayubu, kama angebaki na Mungu bila zile ng'ombe na ngamia.

Nikamwambia mama amwache kijana asome. Paulo alijadiliana na wanafalsafa kule Athene (Matendo 17), wala hakuwakimbia.

Jumapili ijayo ni zamu yangu kuhubiri juu ya zaka. Nimeanza kuyaandika upya mahubiri hayo, na bado sijajua nitawaahidi nini.